Gemu ile ile, ila kontrola inakushusha chini

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyekwisha kuimaliza Divinity: Original Sin II, ile gemu ya kuongoza kikosi cha wahusika, kwenye kompyuta atakuta lolote jipya akiianza upya kwenye konsoli kama PlayStation au Xbox. Mimi nimeimaliza kote kuwili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hadithi ni ile ile. Mapigano nayo ni ya kupokezana zamu, hakuna anayekukimbiza, hivyo usiogope kwamba vidole vitachelewa. Kinachobadilika ni mahali unaposimama. Ukiwa na maus, uko juu ya uwanja: unabofya pembe ya mbali ya skrini, kikosi kizima kinakwenda, na wewe macho yako yameshafika mbele. Ukiwa na kontrola unasukuma kijiti chake kwa kidole gumba, na mhusika anatembea kadiri unavyosukuma. Nilipotua kwenye ule ufukwe wa Fort Joy, ngome ya mwanzoni mwa gemu, kwa mara ya pili, safari hii na kontrola mkononi, nilijikuta nafuata kuta, nazunguka mapipa, nasita mlangoni kabla ya kuingia. Mara ya kwanza nilipita hapo hapo kama mtu anayesogeza kete. Kwangu hilo peke yake lilitosha kurudia gemu nzima.

Hata kutafuta vitu kunabadilika. Kwenye konsoli unashikilia kitufe, duara linapanuka kumzunguka mhusika wako, halafu unaletewa orodha ya vilivyo karibu naye. Huwindi tena chupa ndogo gizani kwa ncha ya kishale. Ni raha, lakini utapoteza kitu: ule utundu wa kuchungulia kila kona kwa maus nilianza kuuacha bila kujua, nikawa nategemea orodha.

Utakapotamani maus ni kwenye kulenga. Maadui watatu wamebanana juu ya ngazi, mwenzako yuko hatua moja kando yao, na wewe unataka moto uwaguse wale tu. Kwa maus ni kufumba na kufumbua. Kwa kijiti unasogeza alama kidogo kidogo, na mimi nimewaunguza wenzangu zaidi ya mara moja kwa haraka zangu. Kwenye begi pia jiandae kwa subira. Kuhamisha vitu ishirini kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni kazi. Na kama unakaa mbali na televisheni, angalia ukubwa wa maandishi mapema, maana gemu hii ni ya kusoma.

Usidhani gemu zote huhamia konsoli kwa njia hii, lakini. Dragon Age: Origins ya 2009 iliwapa wa kompyuta kamera ya kupanda juu na kupanga vita kama jemadari; wa konsoli walibaki nyuma ya bega la mhusika, na mapigano yakawa na ladha nyingine kabisa. Diablo III nayo ilitoka kwenye kompyuta 2012, na ilipofika konsoli mwaka uliofuata mhusika alitembezwa kwa kijiti moja kwa moja, akaongezewa kujiviringisha kukwepa mapigo, na vifaa vinavyodondoka vikapunguzwa idadi ili viwe vya maana zaidi. Hapo waliohamisha walikaa wakafikiria upya mkono wa mchezaji, na naiheshimu sana kazi ya namna hiyo. Baldur's Gate 3 pia: ule mstari mrefu wa vitufe chini ya skrini umegeuzwa menyu za duara, na unaweza kuzipanga mwenyewe. Zipange mapema, kabla uchawi haujawa mwingi.

Sasa ushauri wangu, kabla hujatoa hela. Hiyo Divinity uliyonayo inakubali kontrola hata kwenye kompyuta, na ukiichagua, menyu zote zinageuka kuwa za konsoli. Chomeka, anza mhusika mpya, cheza mpaka utoke Fort Joy. Mkono ukiwa unatafuta maus kila vita inapoanza, baki ulipo. Ukijikuta unasimama milangoni kama mimi, basi ipeleke sebuleni, na umwite mtu mje mcheze wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa.