Jibu: Cèilidh ya Uskoti si dansi peke yake

Mkuu, umeuliza kama cèilidh ya Wagaeli wa Uskoti, yaani wasemaji wa lugha ya Kigaeli, ni lile dansi la harusini tunaloliona kwenye video. Dansi limo, lakini kiini chake ni watu kukaa pamoja na kupeana maneno. Visiwani kama Lewis na Uist, usiku wa baridi majirani walijazana nyumba moja, moto ukiwaka kwa udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa na kukaushwa. Wana msemo kwamba hadithi ya kwanza ni ya mwenye nyumba, na za mgeni ni mpaka kuche. Raha iliyoje!

Kinachonigusa zaidi ni nyimbo za kazi za wanawake. Walizunguka meza ndefu wakikipigapiga kitambaa cha sufu kilicholowekwa kwenye mkojo uliochacha ili kishikane. Mmoja anatoa ubeti, wengine wanapokea kiitikio, mikono yote inagonga kwa pamoja. Mashairi mengi ya zamani yamesalimika humo, na ndiyo maana nasema hao akina mama ndio walioitunza lugha ya Kigaeli.

Ukitaka kuyaona kwa ukubwa, lipo tamasha la Mòd, lililoanza mjini Oban mwaka 1892. Siku hizi hufanyika kila Oktoba, likihama mji hadi mji, na kwaya na washairi hushindana kwa Kigaeli. Ukienda, usiondoke matokeo yakishatangazwa. Fuata watu kwenye cèilidh za usiku, na ukiombwa wimbo, toa wa Kiswahili wenye kiitikio.