Naimba panki, koo linakwisha wimbo wa tatu

SWALI: Habari anti. Mimi ni kijana wa Jinja, tuna bendi yetu ya watu wanne tunapiga roki ya panki kwa Kiswahili. Nyimbo ni fupi, dakika mbili tu, lakini biti ni 180 kwa dakika. Nikifika wimbo wa tatu pumzi imeisha, maneno yanagongana mdomoni, na kesho yake asubuhi naongea kama chura. Korasi yetu ni hii: "Tumechoka na maneno, tumechoka na vumbi." Wenzangu wanasema nipige kelele zaidi, ati hiyo ndo panki. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, kwa hilo usiwasikilize kabisa. Spidi haitoki kooni, inatoka kwenye ulimi, midomo na pumzi, na koo ukiliachia kazi yote litakufa mapema. Mimi niliwahi kukaa siku 9 bila sauti baada ya shoo moja ambapo spika ya kujisikilizia ilizima nikawa nashindana na dramu, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona.

Hebu tuishike korasi yako yenyewe. Biti 180 kwa dakika ni biti 3 kwa sekunde, na wewe unaweka silabi mbili kwenye kila biti, yaani silabi 6 kila sekunde! Sasa hesabu na vidole: tu-me-CHO-ka-na-ma-NE-no, silabi 8, biti nne kamili. Sikia mkazo unapoangukia, CHO iko juu ya biti ya pili na NE juu ya biti ya nne, palepale sinea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inapolia pa! Hapo ngoma inakubebea neno na huna haja ya kusukuma. Mstari wa pili ndo wenye shida: tu-me-CHO-ka-na-VU-mbi, VU inatangulia sinea kwa nusu biti, unaanza kukimbizana na dramu na koo linakaza bila wewe kujua. Toa hiyo "na". Imba "tumechoka", nyamaza nusu biti mbili, halafu "vumbi!" ikianguka juu ya sinea. Ule ukimya ni theluthi moja ya sekunde, inatosha kabisa pumzi ya haraka kuingia, na korasi inapiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Pitia nyimbo zenu zote hivyo, weka alama ya pumzi kwa peni kwenye karatasi, maana Kiswahili maneno yetu ni marefu na usipopanga mapema hutapata pa kupumulia.

Halafu sikiliza tena Ramones, bendi ya panki ya Marekani, albamu yao ya kwanza ya 1976, nyimbo 14 kwa dakika kama 29. Gitaa ndo linakimbia pale, mwimbaji mara nyingi anavuta vokali zake juu yake bila haraka.

Pumzi yenyewe: weka mikono kwenye mbavu za chini, vuta hewa, mbavu zifunguke kwenda pembeni na mabega yatulie. Toa kwa "sss" moja nyembamba isiyotetemeka, mpaka ufike sekunde 20, halafu 25. Wimbo mpya anza na biti 100, ukitoka msafi panda 110, na kuendelea, ukijikwaa rudi nyuma. Wengi wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja 180, ndo maana maneno yanakuwa uji.

Kuhusu ile sauti kali, nenda Old Taxi Park Kampala usikilize makondakta wakiita abiria. Sauti yao iko mbele, karibu na pua, nyembamba na inachoma, inapita juu ya injini na honi zote. Itafute hiyo, ite "nyee nyee" kama mtoto anayetania mwenzake, halafu weka maneno yako humo. Ikianza kukwaruza au kuwasha, simama. Maiki iko pale ikukuzie sauti, iweke karibu na mdomo, na mwambie mpiga gitaa ashushe sauti ya ampu yake, kwa sababu kwenye kelele binadamu anapandisha sauti mwenyewe bila kutaka.

Kabla ya shoo chukua mrija wa soda na glasi yenye maji vidole viwili, imbia ndani ya mrija, mapovu yatoke, dakika 5 ukipanda na kushuka taratibu. Baada ya shoo fanya tena.

SWALI: Anti, watu wananiambia ninywe tangawizi au waragi kidogo kabla ya kupanda stejini, ipi inasaidia? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Waragi acha, ni pombe kali, inatia ganzi, unaumia na husikii. Tangawizi inatuliza koo na ni nzuri, ila unachomeza hakigusi nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula. Maji kunywa tangu asubuhi, na mvuke wa maji moto ndo unafika kule. Sauti ikikauka usinong'one, kunong'ona kwa nguvu kunachosha nyuzi pia, nyamaza tu. Ikipita wiki tatu bado inakwaruza, muone daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Mulago Kampala wapo, akuangalie na kamera kama kuna vinundu vimeota kwenye nyuzi za sauti.