Puto likishaingia, kaa karibu na hospitali

Mama uliyeambiwa kwamba mwanao aliye tumboni ana tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, nakuandikia wewe. Mimi niliambiwa hapa Leuven, Ubelgiji, mume wangu anakosoma, mimba ikiwa ya wiki 21. Mpimaji alikuwa anaongea vizuri tu, mara akanyamaza. Moyo wa mtoto ulikuwa umesukumwa kulia. Utumbo na kipande cha ini vimepanda kifuani.

Tundu lenyewe hushonwa mtoto akishazaliwa. Kinachoua ni mapafu kukosa nafasi ya kukua. Kwa hiyo uliza kipimo cha mapafu: ni asilimia ngapi ya ukubwa unaotarajiwa kwa umri wa mimba? Tundu likiwa kushoto na kipimo chini ya 25, hapo ndipo puto huzungumzwa, kipira kidogo kinachowekwa kwenye koo la hewa la mtoto akiwa bado tumboni ili mapafu yatanuke. Kwa hali ya wastani, utafiti uliotoka 2021 haukuonyesha faida ya wazi.

Ukitajiwa faida, omba na hasara papo hapo. Katika utafiti huo, ulioongozwa na Profesa Jan Deprest wa hapa Leuven, kati ya watoto 40 wenye hali mbaya waliowekewa puto, 16 walitoka hospitali wakiwa hai. Kati ya 40 wasiowekewa, ni 6. Lakini robo tatu ya mama waliowekewa walijifungua kabla ya wiki 37. Mama mkwe aliponipigia kutoka Morogoro, "Mwanangu, kwa hiyo atapona?", nilimsomea hesabu zote mbili. Sikutaka kumficha.

Niliwekewa wiki ya 28, nimechomwa ganzi, macho wazi. Mtoto naye alichomwa sindano yake. Bomba jembamba lenye kamera lilipita tumboni kwangu, likaingia mdomoni mwake (niliiona midomo yake, midogo mno) hadi kwenye koo la hewa, likaacha puto. Maji yanayotengenezwa na mapafu yanakosa pa kutokea, yanayatanua.

Sasa lishike hili: tangu siku ile mtoto ana kizibo kooni. Akizaliwa nacho hapumui. Puto hutolewa wiki ya 34, ila uchungu ukiwahi, panahitajika watu wanaojua kulitoa, na haraka. Katika utafiti ule mtoto mmoja alifariki kwa sababu lilishindikana kutoka. Basi uliza bila haya: Jumapili saa nane za usiku, nani analitoa? Namba nipige ipi? Mimi niliibandika mlangoni. Tulipanga chumba, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitali. Wifi yangu aliolewa Brussels, karibu tu, na sikwenda. Aliumia, nikamwelewa, lakini sikwenda.

Chupa ilipasuka wiki ya 33, saa tisa usiku. Puto lilitobolewa kwa sindano nyembamba kabla sijajifungua. Mwanangu alishonwa kiwambo akiwa na siku tano, akakaa kwenye mashine wiki nyingi. Sasa ana miezi saba, na usiku bado namlaza na kimrija cha oksijeni puani.