Mwandamo wa Mwezi na Rejista ya Darasa

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi katika skuli moja ya ufukweni, kaskazini ya Pemba, na kosa langu kubwa la miaka ya mwanzo lilikuwa kudhani kwamba haki darasani ni kumfanyia kila mwanafunzi jambo lile lile. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikwisha kuzungumzia elimu mjumuisho, yaani elimu isiyomwacha nyuma mtoto yeyote, nami nikiamini naitekeleza kwa sababu tu mlango wangu haukumfungia mtoto yeyote.

Rejista ndiyo iliyonizindua. Wasichana wanne au watano walikuwa wakikosekana siku kadhaa mfululizo, wakirejea pamoja, kisha baada ya wiki moja hivi wakitoweka tena. Niliwaita watoro mbele ya wenzao, hadi mama mmoja alipokuja skuli akanieleza kwa upole: "Mwalimu, hizo ni siku za bamvua." Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, na hapo ndipo akina mama huenda kufunga na kuvuna mwani, mabinti wakifuatana nao au wakibaki nyumbani kulea wadogo zao.

Niliwaomba radhi wasichana wale mbele ya darasa lile lile nililowaaibishia. Tangu hapo kila andalio langu la somo huanza kwa kuangalia tarehe ya mwezi mwandamo: mada mpya nazifundisha wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haipwi sana, na siku za bamvua naziweka kwa mazoezi na marudio. Sikuridhia utoro, kwani mahali pa mtoto asubuhi ni darasani, na kwa hiyo nilizungumza na wazazi pia. Baadhi yao waligawana zamu za ulezi, wengine hali haikuwaruhusu. Nakushauri, mwalimu mwenzangu, uulize sababu kabla ya kutoa adhabu, na umuulize mzazi kwa heshima, si kwa barua ya wito.

Jambo la pili nililifahamu kwa mwanafunzi mwenye ualbino ambaye uoni wake ni hafifu. Nilimhamishia mstari wa mbele, karibu na dirisha, nikijiona nimemaliza, kumbe mwanga ulimuumiza zaidi. Alikaa kiganja kikiwa juu ya nyusi, akinakili daftari la jirani. Nilipomuuliza faraghani, alichagua mwenyewe dawati la upande wa ukuta. Sasa kila ninachokiandika ubaoni nakisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na maswali ya mtihani namwandikia kwa herufi kubwa. Katika darasa la wanafunzi zaidi ya 60, kusoma huko kwa sauti kumewafaa hata wa nyuma kabisa, ambao kwa muda mrefu niliwadhania wavivu kumbe ubao hawauoni.