Barua kwa Mwanangu: Njia ya Loiyangalani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza njia fupi kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ni ipi. Ipo ile ya Maikona, Kalacha na North Horr, inayokatiza jangwa la Chalbi. Lakini mwanangu, kule uliza mvua, usiulize kilomita.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Juu hukauka, magadi yakawa meupe na magumu. Chini tope bado bichi. Nayo hupokea maji ya mlima Marsabit, Huri Hills na Kulal, kwa hiyo huenda jua likakuwakia wewe hapo huku mafuriko ya jana ya mlimani yakiwa chini ya tairi zako. Ndivyo lori la babu yako lilivyozama. Alama za gari alizozifuata zilipigwa kabla ya mvua. Ekseli ikalala topeni, jeki ikadidimia kwa kukosa ubao wa kuikalisha, na mahindi yaliyokuwa yakingojwa Kalacha yakaota ndani ya magunia. Mpaka leo inaniuma.

Basi upite Laisamis, Ngurunit na South Horr? Barabara hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya magari yaliyobeba mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, nayo haina tope la Chalbi. Ila ni mzunguko, na malaga, yaani mito ya msimu, yakijaa utalala ng'ambo. Kwa hiyo siwezi kuisifu tu.

Yoyote utakayochagua, beba spea mbili. Mawe ya volkano karibu na ziwa hupasua tairi ubavuni, na ubavu hauzibiki kama pancha ya kawaida. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, kisha ujaze tena kabla ya mawe. Tairi laini ndiyo hukatika. Jaza mafuta Marsabit, na maji ya kunywa ya siku mbili zaidi, maana ya Ziwa Turkana yana magadi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 katika Kaunti ya Marsabit, yenye kilomita za mraba takriban 70,000. Ukikwama, wa kukuvuta hayuko jirani.

Ningekuwa mimi... basi, uamuzi ni wako. Ila Maikona usipite bila kuwauliza madereva wanaotoka North Horr: gari la mwisho lilivuka lini, na lilikuwa na mzigo au tupu?

Baba yako