Kujua unachokiweza na unachokipenda: yaliyonipata mimi Kilindini

Mdogo wangu wa Kisauni, umeuliza utajitathmini vipi. Una diploma ya biashara, mwaka wa pili huu unazunguka na bahasha, na kila mtu anakwambia "jijue kwanza" kisha anaondoka zake. Mimi nilijijua kwa kulazimika.

Miaka saba nilikuwa karani wa kliaringi, yaani kutoa mizigo ya wateja forodhani, bandarini Kilindini, Mombasa. SGR, ile reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, mengi yakawa yanatolewa Nairobi. Kufika 2019 ofisi yetu ilikuwa imebaki meza na feni, nami nikaambiwa nipumzike.

Kila aliyeniuliza naweza nini nilimjibu "forodha." Hapo nilikuwa nataja kiti nilichokalia. Kazi zenyewe zilikuwa nyingi: kujaza entri (fomu za forodha), kumtuliza mteja aliyepigwa storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini), kusimama juani kontena likikaguliwa. Basi nikachukua daftari, nikaziandika moja moja, na kando ya kila moja nikaandika mambo mawili: naiweza kiasi gani, na nikiikumbuka moyo unasemaje.

Entri nilikuwa hodari, bosi alinisifu, lakini kuziwaza tu tumbo lilinikaza. Siku nilizozikumbuka kwa raha zilikuwa zote za makontena ya friji. Kontena la samaki limegoma kupoa, fundi anafungua kompresa, nami nimeacha mafaili nimechutama pembeni yake namuuliza maswali. Nilikaripiwa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Zile dodoso za bure mtandaoni nilijaribu pia. Ya Wizara ya Kazi ya Marekani ina maswali 60 na inafuata makundi sita ya mvuto wa kazi ya mwanasaikolojia John Holland. Si mbaya, ila inapima unachovutiwa nacho tu. Kama unakiweza haijui. Aliyenifaa zaidi ni mamangu. Nilimkuta akikuna nazi, nikamuuliza anaona naweza nini, akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Feni ya nyumba hii imeharibika mara ngapi, na nani aliyeifungua?" Dada yangu akadakia kwamba nisithubutu kufungua duka, kwa kuwa siwezi kudai deni. Iliniuma. Mpaka leo madeni yangu anayadai mke wangu.

Sikukimbilia kulipa karo. Nilimwomba fundi mmoja wa AC pale Majengo nimbebee ngazi na mtungi wa gesi wiki tatu, bila malipo. Siku ya nne tulikuwa juu ya paa la hoteli Nyali, saa saba mchana, bati linachoma viatu. Nilirudi hoi, na usiku nikakaa kuchora gesi inavyozunguka ndani ya AC. Nilijua pia pengo langu liko wapi: umeme. Huo nikausomea, kisha nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu.

Na ukarani haukupotea. Hoteli zinataka kotesheni iliyoandikwa ikaeleweka, na hapo ndipo mafundi wengi hukosa kazi.

Sasa wewe. Umetaja kwa kupitia tu kwamba unawashikia akina mama wa mtaani hesabu za chama, na Desemba uliwapangia safari ya Lamu. Umeliandika kama si kitu. Hebu tuambie hapa: katika safari ile, ni lipi ulilifanya bila kutumwa na mtu?