Unayeanza kusoma mageuzi ya viumbe: kabla ya kuhesabu viwavi, chora ukoo wao

Mwanafunzi mpya akipewa swali la rangi za onyo, yaani rangi kali zinazomwambia adui kwamba mdudu ana ladha mbaya, kwanza hutengeneza jedwali: spishi ngapi za viwavi zina rangi kali, ngapi huishi kwa makundi. Mambo hayo mawili huonekana pamoja mara kwa mara, naye huhitimisha kwamba kundi ndilo lililozaa rangi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kishawishi kipo. Mwaka 1867 Charles Darwin alimwuliza mwanasayansi mwenzake wa mageuzi, Alfred Russel Wallace: kiwavi hapandani, hana mwenza wa kumvutia, sasa rangi zote hizo ni za nini? Wallace akajibu kwamba zinamwonya ndege asimguse. Ila ndege hujifunza kwa kuonja, na kiwavi ana ngozi laini. Anayeonjwa akifa, amefaidika nini? Mwaka 1930 mwanabiolojia Ronald Fisher akasema viwavi waliokaa pamoja aghalabu ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo anayekufa huwaokoa nduguze. Hoja tamu, na ukiishika peke yake utaamini kundi lazima litangulie.

Mtafiti Birgitta Sillén-Tullberg aliipima hoja hiyo kwa vipepeo mwaka 1988, akitumia mti wa nasaba, yaani mchoro wa ukoo unaoonyesha spishi zipi zina babu mmoja. Alitazama kila sifa ilianza upya mara ngapi, na ipi ilianza kwanza. Mara nyingi rangi ya onyo ilitangulia, kundi likafuata. Ukifikiri vizuri haishangazi: kiwavi mtamu akikaa na wenzake, amemwandalia ndege karamu. Mwenye ladha mbaya ndiye anayeweza kuthubutu kujazana. Tena si kila anayedonolewa hufa. Wengi hutemwa wakiwa hai, kwa hiyo rangi humfaa hata aliye peke yake.

Basi kumbuka: spishi kumi zilizorithi rangi kwa babu mmoja ni tukio moja, si kumi. Hili nalirudia kila mwaka, na kila mwaka jedwali linarudi vilevile.

Ukitaka mfano wa kuanzia, chukua vipepeo wawili wa kabichi. Pieris brassicae hutaga mayai kwa fungu, na viwavi wake wenye madoa meusi na mistari ya manjano hula jani moja kwa pamoja. Pieris rapae hutaga yai mojamoja. Kiwavi wake ni kijani, hulala juu ya mshipa wa jani usimwone. Jozi hii itakuonyesha uhusiano tu. Mpangilio uutafute kwenye mti, wenye matawi mengi kuliko haya mawili.

Na rangi usiipime kwa jicho lako, maana ndege wengi huona hata urujuanimno, mwanga ambao jicho lako halioni.